Petroli Isiyo na Spiriti: Je, Ndiyo Iifaayo Motokaa ya Mbio?

Wako watu waaminio kwamba kitu kisichochanganywa ni bora siku zote kuliko kilichochanganywa. Maziwa yasiyotiwa maji ni bora, na asali isiyotiwa sukari ni bora. Hapana mtu atakayebisha. Wenye motokaa za mbio huko Marekani na Uingereza wametoa fikira hiyo katika maziwa na asali wakaitia katika petroli. Husema, "Nimenunua motokaa ya thamani kubwa, siwezi kuinywesha petroli iliyotiwa spiriti." Basi hutafuta vituo vichache viuzavyo petroli tupu, hulipa fedha zaidi, kisha hurudi nyumbani wakiamini kwamba wameitendea motokaa yao haki.

Mimi nasema kwamba fikira hiyo ni kweli nusu tu. Nusu ile nyingine yaweza kumpotezea mtu fedha zake, kuipunguzia motokaa yake nguvu, na pengine hata kuiharibu injini aliyotaka kuilinda. Nataka kueleza kwa nini, na mwishoni nitaonyesha kwamba jambo hili si la matajiri wa ng'ambo peke yao.

Kwanza yafaa tujue spiriti hiyo ni kitu gani. Jina lake katika darasa la kemia ni ethanoli. Ndiyo ile ile iliyomo katika waragi na katika kila pombe, ila hii imekaushwa maji, nayo haifai kuwa kinywaji. Marekani huifanya kwa mahindi hasa, na Brazil kwa miwa. Katika Marekani karibu petroli yote iuzwayo vituoni imetiwa spiriti, kwa kawaida sehemu moja katika kumi. Petroli hiyo huitwa E10. Iko pia E15, yenye sehemu 15 katika mia, na E85, ambayo spiriti yake yaweza kufika 85 katika mia. Isiyo na spiriti kabisa huuzwa mahali pachache tu, mara nyingi karibu na bandari za mashua, na bei yake huwa juu.

Sasa tuyasikilize malalamiko ya wapinzani wa spiriti, maana yako ya haki. Husema kwamba petroli yenye spiriti huimaliza safari upesi. Ni kweli, na wanafunzi waweza kuipiga hesabu wenyewe. Lita moja ya spiriti ina joto kama theluthi mbili za joto la lita moja ya petroli. Tuseme lita ya petroli ina vipimo 30 vya joto, na lita ya spiriti ina 20. Lita 10 za petroli tupu zitatoa 300. Lita 9 za petroli na lita 1 ya spiriti zitatoa 270 na 20, yaani 290. Upungufu ni 10 katika 300. Motokaa ambayo ingekwenda kilomita 300 kwa petroli tupu itakwenda kama 290 kwa E10. Huo ndio upungufu wote. Ni hasara, lakini ni hasara ndogo, nayo yahusu mwendo wa safari. Mwenye motokaa ya mbio hakuinunua kwa ajili ya kubana matumizi. Aliinunua kwa ajili ya nguvu. Na katika habari ya nguvu, mambo hugeuka.

Injini ya petroli huvuta hewa na mafuta ndani ya silinda. Pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko ule, kisha plagi hutoa cheche na moto huwaka. Kadiri mchanganyiko unavyobanwa zaidi ndivyo nguvu inavyozidi. Hiyo ndiyo siri ya motokaa ya mbio: injini yake hubana sana, na nyingi zina turbo ya kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Lakini hewa ikibanwa hupata joto. Kila ajazaye baiskeli upepo anajua jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Petroli dhaifu ikibanwa katika joto kubwa, sehemu yake huwaka yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Hapo injini hugonga, kama mtu apigaye bati kwa nyundo. Kugonga kukizidi, pistoni huweza hata kutoboka.

Kipimo cha okteni ndicho hutuambia petroli inaweza kuvumilia kubanwa kiasi gani bila kugonga. Wengi hudhani okteni hupima nguvu ya petroli, kumbe hupima uvumilivu wake. Na hapa ndipo spiriti inapoonyesha ubora wake: okteni yake hupita 100. Tena ina jambo la pili. Muuguzi anapokupaka spiriti kabla ya kukudunga sindano, mkono huona baridi, kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke huchukua joto jingi. Ndani ya injini hufanya vivyo hivyo. Huipoza ile hewa iliyobanwa, na hewa iliyopoa haigongi upesi.

Basi tazama hatari iliyomo katika neno "tupu". Vituo vya Marekani huandika okteni kwenye pampu: 87 kwa petroli ya kawaida, na 91 au 93 kwa ile ya juu. (Hesabu ya Marekani ni tofauti na ya Ulaya, 93 ya huko ni kama 98 ya Ulaya.) Petroli isiyo na spiriti, kwa kuwa imekosa msaada wa spiriti, mara nyingi huuzwa ikiwa na okteni 87 mpaka 91. Lakini kitabu cha motokaa ya mbio yenye turbo mara nyingi hutaka 91 au 93. Mtu aipitaye pampu ya 93 yenye spiriti akaenda kununua 87 isiyo na spiriti, amelipa zaidi ili apate petroli isiyoifaa motokaa yake. Motokaa za siku hizi zina kifaa cha kusikia kugonga, na kompyuta yake huichelewesha cheche ili kuiokoa injini. Kwa hiyo huenda asisikie mlio wowote. Atakachopata ni motokaa iliyopungukiwa nguvu, na yeye atazidi kuisifu petroli yake kwa kuwa haina mchanganyiko. Motokaa ya zamani isiyo na kifaa hicho haina wa kuiokoa.

Kama kuna anayesema kwamba spiriti ni ya motokaa za kazi na si ya mbio, na aende kwenye mashindano yenyewe akatazame. Mashindano ya IndyCar ya Marekani, ambayo kubwa lao ni lile la maili 500 la Indianapolis, yalitumia methanoli kwa miaka mingi, nayo ni ndugu yake ethanoli. Kisha mwaka 2007 wakahamia ethanoli. NASCAR walianza kutumia E15 mwaka 2011. Formula One walitia sehemu 10 katika mia ya ethanoli mwaka 2022. Kampuni ya Koenigsegg ya Sweden ilionyesha mwaka 2019 motokaa iitwayo Jesko. Kwa petroli ya kawaida injini yake hutoa nguvu za farasi 1,280. Injini ile ile ikitiwa E85 hutoa 1,600. Yaani motokaa iliyo miongoni mwa zenye kasi kubwa kabisa duniani hupata farasi 320 zaidi kwa kunywa kile ambacho mwenye motokaa ndogo hukiita uchafu.

Lakini nisieleweke vibaya. Jesko iliundwa kwa kazi hiyo. Mabomba yake, pampu yake, mipira yake na kompyuta yake vyote viliandaliwa kwa spiriti nyingi. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Anayetia E85 katika motokaa isiyoundwa kwa E85 ataijutia kazi yake. Spiriti ikiwa nyingi huhitaji mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile, na injini isiyojua jambo hilo itakosa mafuta ya kutosha na kupata joto mno. Kitabu cha motokaa ndicho kinachosema mwisho wake ni wapi. Kwa motokaa nyingi za petroli za siku hizi kitabu huruhusu mpaka sehemu 10 katika mia, na kwa baadhi huruhusu zaidi.

Nimesema kwamba wapinzani wa spiriti wana nusu ya kweli. Nusu hiyo ni hii: ziko motokaa tatu ambazo petroli tupu huzifaa kweli.

Ya kwanza ni motokaa ya zamani. Motokaa nzuri za mbio zilizoundwa katika miaka ya 1950 na 1960 zilitengenezwa na watu ambao hawakuitazamia petroli ya namna hii. Spiriti huilainisha na kuivimbisha mipira ya zamani, na mipira ikipasuka petroli huvuja juu ya injini yenye moto. Tena spiriti huyeyusha uchafu uliogandamana katika tangi kwa miaka mingi, na uchafu huo huenda kuziba chujio na kabureta. Na kabureta yenyewe haina akili ya kompyuta; haiwezi kujua kwamba mafuta yamebadilika ikaongeza kiasi chake.

Ya pili ni motokaa inayolala. Wengi wenye motokaa za mbio katika nchi za baridi huziweka ndani wakati wote wa theluji, na wengine hawaziendeshi ila siku chache kwa mwaka. Sasa spiriti hupenda maji. E10 huweza kushika maji kiasi cha nusu ya sehemu moja katika mia, bila kuonyesha dalili yoyote. Katika tangi la lita 50 hiyo ni robo lita. Yakizidi hapo, maji huichukua spiriti na kushuka nayo chini, na petroli hubaki juu ikiwa imepoteza okteni yake. Bomba la pampu hunyonya kutoka chini ya tangi, basi kitu cha kwanza kuingia katika injini ni maji na spiriti. Motokaa za siku hizi zina matangi yaliyofungwa vizuri na hazipatwi upesi na jambo hili. Lakini tangi la zamani lipumualo hewa ya nje huvuta unyevu mwezi baada ya mwezi. Kwa motokaa ya namna hii, petroli tupu yenye okteni itakiwayo na kitabu, ikitiwa kabla ya motokaa kulala, ni busara kabisa.

Ya tatu ni ile ambayo kitabu chake chenyewe kimekataza spiriti. Hapo hapana mjadala.

Ukitazama vizuri utaona kwamba katika hizo tatu hakuna iliyochaguliwa kwa sababu ni ya mbio au kwa sababu ni ya bei kubwa. Tunaloangalia ni umri wake, maisha yake na maagizo ya muundaji wake. Motokaa ya mbio ya mwaka huu, inayoendeshwa kila juma, haina haja ya petroli tupu. Gari kuukuu la mkulima linalolala ghalani miezi sita lina haja nayo kuliko hiyo.

Uingereza waliliona jambo hili. Mwezi wa Septemba 2021 walipoifanya E10 kuwa petroli ya kawaida, waliiacha petroli ya okteni ya juu ibaki na spiriti isiyozidi sehemu 5 katika mia, kwa ajili ya motokaa kuukuu. Motokaa zote mpya zilizouzwa huko tangu mwaka 2011 zilipaswa kuwa tayari kwa E10. Hivyo kila mtu alipewa njia yake, na hakuna aliyelazimishwa kuibomoa injini ya babu yake.

Lipo pingamizi moja lenye uzito kuliko yote niliyotaja, nalo halihusu injini. Zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani hupelekwa katika viwanda vya spiriti. Mtu aweza kuuliza: Je, ni haki motokaa ile chakula? Swali hili ni kubwa, nami siwezi kulidharau, hasa sisi ambao mahindi ni ugali wetu. Wako wajibuo kwamba makapi ya mahindi hayo hurudi kuwa chakula cha ng'ombe, na kwamba spiriti ya miwa haigusi nafaka. Lakini mwenye kulipa zaidi kwa sababu ya mahindi na aseme ni kwa sababu ya mahindi. Asijifiche nyuma ya injini. Ukichanganya hoja mbili, zote mbili hupoteza nguvu.

Tena tukumbuke kile kilichokuwapo mahali pa spiriti. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli huizuia injini isigonge. Dunia ikaipokea risasi hiyo, ingawa spiriti ilikwisha julikana kwamba yaweza kufanya kazi ile ile. Kwa miongo mingi moshi wa motokaa ulimwaga sumu katika mapafu ya watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Risasi ilipoondoka, palihitajika kitu kingine cha kupandisha okteni, na spiriti ni mojawapo. Mwenye kuililia petroli ya zamani akidhani ilikuwa safi, na akumbuke kwamba petroli ile ndiyo iliyokuwa chafu kuliko zote.

Sasa mtu ataniuliza, "Haya yanatuhusu nini? Ni wangapi kwetu wenye motokaa ya mbio?" Ni wachache mno. Lakini petroli yenye spiriti si mgeni katika Afrika. Malawi wamekuwa wakichanganya spiriti ya miwa tangu mwaka 1982. Zimbabwe wameilazimisha kwa sheria tangu mwaka 2013. Uganda ilitunga sheria yake ya nishati ya mimea mwaka 2020, nayo inahusu uchanganyaji huu. Na kote tuna miwa na mihogo, ambayo yote hutoa spiriti. Maneno yanayosemwa leo juu ya motokaa za mbio za Marekani ndiyo yatakayosemwa juu ya bodaboda, mashine ya kusaga na jenereta zetu.

Yatakaposemwa, wako wawili watakaotudanganya. Mmoja atasema kwamba spiriti ni uchafu na huua kila injini. Wa pili atasema kwamba haina neno lolote. Sisi tuliosoma tutakuwa na jibu. Bodaboda ya sasa inayokwenda kila siku na kutiwa petroli kila siku haina la kuhofu kwa mchanganyiko uliopimwa na kuruhusiwa na muundaji wake. Lakini jenereta ya shule au ya zahanati, inayokaa wiki nyingi ikingoja umeme ukatike, ina maisha yale yale ya motokaa inayolala. Hiyo ndiyo ya kuangaliwa: petroli yake ibadilishwe kabla haijazeeka, tangi lifungwe vizuri, na maji yaondolewe. Zahanati ikikosa taa usiku mama akijifungua, hilo ni kubwa kuliko farasi 320 za Koenigsegg.

Tena tusifananishe mchanganyiko wa kipimo na mchanganyiko wa gizani. Wako wafanyabiashara waovu watiao mafuta ya taa katika petroli ili wapate faida. Mafuta ya taa hushusha okteni, na injini hugonga na kutoa moshi. Huo ni wizi. Spiriti iliyopimwa, iliyoandikwa kwenye pampu mbele ya macho ya mnunuzi, si wizi. Kwa hiyo tunalopaswa kudai serikalini na kwa wenye vituo ni kwamba kila pampu iandikwe wazi: okteni ni ngapi, na spiriti ni kiasi gani. Mnunuzi akijua hayo mawili, na akakisoma kitabu cha mashine yake, hatahitaji kuamini uvumi wa mtu yeyote.

Wasomaji wenzangu, wahenga walisema kwamba kila mlango kwa ufunguo wake. Hakuna ufunguo mzuri kuliko funguo zote. Mzuri ni ule ufunguao mlango ulio mbele yako. Mwenye motokaa ya mbio asiulize petroli ipi ina jina zuri. Aulize injini yake yataka okteni gani, iliundwa mwaka gani, na italala muda gani. Akijibu hayo matatu, atajua pampu ya kusimama, na fedha itakayobaki itanunua tairi.